Viazi Chumbani kwa Mama Mkwe

Fuso ilikuwa imeshaanza kutembea Archange alipoifikia. Kitshanga nzima ilikuwa barabarani: magodoro vichwani, mbuzi kwenye kamba, pikipiki zimepakia mama, watoto na jiko pamoja. Mzee mmoja alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni, kwa sababu ulikuwa wa libuyu, na mbao ya libuyu siku hizi utaipata wapi. Upande wa milima silaha nzito zilikuwa zinalia, na kila zilipolia mwendo wa watu uliongezeka kidogo bila mtu kusema neno.

Archange alikuwa na katoni. Aliishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa, kwa hiyo hakubaki na mkono wa kushikia gari.

"Weye kaka wa katoni!" mwanamke alimwita kutoka juu ya mizigo. "Tupa hiyo kitu, panda!"

"Siwezi kuitupa!"

"Iko na nini ndani? Dolari?"

"Viazi!"

Watu juu ya gari walicheka, hata siku ile.

"Masisi yote iko na viazi," mwanamke alisema, "na weye unataka kufa ju ya katoni moja?"

"Haijawa viazi bado, dada. Ni mitoto ya viazi."

Mwanamke alimtazama, akaona hatanii. Akalala kifudifudi juu ya magunia, akashusha mikono. "Nipe mitoto yako basi. Mama, sogea kidogo, tumepata wajukuu."

Ndivyo Archange alivyopanda gari lile, na ndivyo alivyokutana na Généreuse. Alipotulia kwenye kona ya gunia la maharage alimwangalia vizuri. Alikuwa amevaa blauzi ya libaya ya manjano na kitenge cha samaki wa kijani alichokifunga juu ya suruali ya jinzi. Upande mmoja wa kichwa nywele zilikuwa zimesukwa safi, na upande wa pili zimesimama ovyo, maana vita vilimkuta kwenye kiti cha msusi.

"Usiangalie kichwa yangu," alisema. "Upande ule nitausuka vita ikiisha."

"Basi utabaki hivyo mpaka meno ianguke."

"Ee! Muntu wa viazi iko na mudomo!"

Kando yake mama yake, Mama Léontine, alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwanamke mwembamba, Munyanga wa Pinga kule Walikale, aliyeletwa Kitshanga na ndoa, akabakizwa na ujane, na sasa akirudishwa kwao na mabomu.

Archange mwenyewe alikuwa Munande wa Butembo. Shuleni alisomea kilimo, na pale Kitshanga alifanya kazi kwenye kashirika kadogo kalikozalisha mbegu ya viazi. Udongo wa milima ile ulikuwa umeingiliwa na ugonjwa wa kunyausha. Ukipanda, shina linasimama vizuri, halafu asubuhi moja linalala moja kwa moja. Kwa hiyo wao walikuza mbegu bila udongo. Waliweka hema jeusi ndani ya nyumba, ndani yake taa na kafeni kadogo, na mabeseni ya maji yenye chumvi za mbolea. Mche unakaa kwenye tundu la mfuniko, mizizi inaning'inia majini, na viazi vidogo vinazaliwa gizani chini ya mfuniko, kati ya maji na hewa. Patron, mwenye kashirika, alikuwa ameshakimbilia Goma. Dereva wa Fuso, Thierry, Munande mwenzake, alikuwa amempakilia Archange gunia la vifaa, akamwambia apande. Archange akarudi mbio kuchukua katoni ya miche. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kurudia.

Mbele ya Kashuga kulikuwa na kizuizi. Vijana wenye bunduki waliwashusha wote. Mmoja alichukua simu ya Archange, ile kubwa yenye picha, akaipenda, akaiweka mfukoni. Halafu akaigusa katoni kwa mguu.

"Na hii?"

Archange aliinama, akaikumbatia.

"Ni majani ya mama," Généreuse alisema. "Iko mugonjwa wa kifua. Inaambukiza, papa, usikaribie sana."

Mama Léontine akakohoa. Alikohoa kikohozi kizito, cha kutoka tumboni, akatema pembeni. Kijana akarudi nyuma hatua kadhaa, akawapungia mkono wapite.

Walipokwisha panda, Archange alisema, "Mama, ulikohoa muzuri."

"Haikuwa mchezo, mwanangu," Mama Léontine alisema. "Kifua njo iko hivyo. Lakini leo imefaa."

*

Pinga iko chini, mtoni, msitu umeizunguka, na joto lake linakukalia. Mtu wa milimani akifika pale shati linamshika mgongo kabla hajasalimia. Nyumba ya Mama Léontine ilikuwa ya mbao, na chumba kimoja tu kilikuwa na saruji chini na bati lisilovuja: chumba cha mama. Bila kufikiri mara mbili Mama Léontine alisema hema liwekwe pale, kando ya kitanda chake.

"Mimi nalala na viazi," alisema. "Havikoromi."

Archange alipewa nafasi kwa Papa Émile, kaka yake mama, nyumba ya jirani. Lakini mchana kutwa alikuwa kwenye chumba kile. Alifunga sahani ya jua juu ya bati, akaunganisha betri na taa, akaweka kapompe kadogo ka kupulizia hewa majini ili mizizi ipumue. Alifungua madirisha mawili ya hema, moja chini la kuvuta hewa baridi, moja juu la kutolea joto, mbele ya kafeni. Mama Léontine alimletea chai ya mchaichai, akakaa kitandani, akamsimulia mambo ya mumewe, akamwita "mwanangu" na "muntu yangu ya viazi". Généreuse alishika taa, alishika waya, alishika chochote.

"Hivi vitu inakunywa hewa kweli?" aliuliza siku moja, uso umeinama juu ya beseni, shanga za kioo shingoni zikigusa mfuniko.

"Mizizi ikizama yote, inakufa. Kama muntu."

"Na ikikosa maji?"

"Inakufa pia."

"Kumbe ni mapenzi hayo," Généreuse alisema. "Kidogo unazamisha, kidogo unakausha."

Archange aliona kwamba kichwa chake sasa kimesukwa pande zote mbili.

Jioni walipanda kilima cha shule, ambako simu hupata mtandao. Wote wawili walikuwa na simu za vitochi tu. Walikuwa wakisimama hatua chache mbali, mmoja akampigia mwenzake.

"Allo? Nani huyo?"

"Ni miye, muntu wa viazi."

"Uko wapi, sheri?"

"Niko Ulaya. Huku baridi sana."

"Mbona nasikia mbwa anayebweka kwangu, anabweka kwako pia?"

Siku Archange alipomwambia anataka kumuoa, hakutumia simu. Walikuwa wanateremka, mvua inakuja, na Généreuse amefunika kichwa kwa jani la ndizi.

"Nataka nikuombe kwa mama yako."

"Unataka viazi vyako vikae bure kwenye nyumba."

"Ndiyo. Na miye pia."

Alimpiga na lile jani. Halafu akalitupa, akamshika mkono, wakalowa wote wawili.

*

Papa Émile alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache, na mila aliishika kama anavyoshika mkuki. Alipokea kasiksi, pombe ya ndizi ambayo Archange alileta, akaionja, akasema:

"Kwetu mahari ni mbuzi. Weye huna mbuzi, na sisi huku mbuzi ziliisha, wenye bunduki walikula hata beberu ya padri. Lakini watu wa mulimani bado wanazo, na wanalilia mbegu ya viazi isiyo na ugonjwa. Ukitoa mbegu, tutabadilisha. Mbegu ikitoka, bibi yako huyu. Mbegu ikikufa, ni neno lingine."

Wote wakakubali. Wakanywa. Mama Léontine, aliyekuwa amekaa nao, aliinuka, akajifunika kitenge usoni, akapita nyuma ya nyumba.

Archange alidhani amekasirika. Asubuhi alikwenda kama kawaida, akakuta Généreuse amesimama mlangoni, mikono kwenye nguzo.

"Unaenda wapi?"

"Kuangalia mabeseni."

"Archange. Jana uliniomba."

"Ndiyo."

"Basi umekwisha. Chumba anacholala mama mukwe, mukwe haingii. Hata kivuli yake."

Kwa watu wa kule ndivyo ilivyo. Tangu kasiksi inywewe, mama wa binti anakuwa moto kwa kijana. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye, hamwiti jina. Haya hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba umehesabiwa mkwe. Mama Léontine, aliyemletea chai na kumwita mwanangu, sasa akimwona kwa mbali alikatiza kwenye migomba. Ipo njia ya kuondoa haya: mkwe analeta mbuzi, mama anaipokea, mlango unafunguka. Lakini mbuzi ingetoka kwenye viazi, na viazi vilikuwa ndani ya mlango.

"Usiogope," Généreuse alisema. "Miye nitakuwa mikono yako. Weye kaa nje ya ukuta, useme."

Basi Archange akaweka kigoda nje, chini ya ukuta wa mbao, akawa anakaa pale asubuhi mpaka jioni. Wapita njia walimtania kwa jina la mkwe. "Bokilo, unalinda nyumba ao unaisikiliza ikisema?"

Mwanzoni ilikuwa tamu. Midomo yao ilikuwa karibu sana, ubao mmoja tu katikati. Halafu sauti ya Généreuse ikabadilika.

"Archange, majani imelala."

"Imelala kama muntu wa usingizi, ao kama mulevi?"

"Kama mulevi. Imeanguka pembeni."

"Basi iko na kiu. Huku ni joto, inakunywa sana. Ongeza maji."

Aliongeza. Kesho yake alisema majani ya chini yamegeuka manjano.

"Kapimo ka unyevu kanasema nini?"

"Tisini na tano."

"Haiwezekani! Hata mtoni haifiki hivyo. Kafeni kanazunguka?"

"Kanazunguka."

"Madirisha yote mbili iko wazi?"

Kwanza Généreuse alisogeza beseni. "Iko wazi," alisema.

"Basi kapimo kamekufa, kalipigwa na maji njiani. Usikaangalie tena. Ongeza maji mpaka karibu na mufuniko, na unyunyizie majani asubuhi."

Akafanya vile. Na Archange, nje, alikaa na mikono yake kwenye magoti, ile mikono iliyojua kazi, akisikia maji yanamwagwa upande wa pili. Alijaribu kuona kupitia mwanya wa mbao, akaona giza, akasikia harufu ya sabuni. Alimwomba Généreuse atoe mche mmoja nje. Alipoutoa ulikuwa umekatikia kwenye mfuniko, na mkononi alileta shina tu, bila mizizi. Alimwomba atoe beseni zima. Likagoma kupita kwenye mlango wa hema bila kuvunja yote. Kila kitu alichojua kilihitaji jicho na kidole, na vyote viwili vilikuwa upande huu wa ukuta.

Siku miche ya beseni la kwanza ilipokufa, alishindwa kujizuia.

"Généreuse, unafanya nini humo ndani? Ninasema hivi, weye unafanya vile!"

"Nafanya kama unavyosema!"

"Ingekuwa hivyo visingekufa! Miye nilivileta chini ya mabomu, nikakosa simu, sikukosa hata jani moja. Weye umevipata kwenye nyumba, kwenye kivuli, na unaviua!"

"Sema tena."

"Labda hii ndoa hauitaki. Sema tu. Kuua viazi ni njia ya aibu."

Halafu akasikia mlango wa chumba unafungwa, na komeo linapita.

Alikaa pale mpaka mvua ikamfukuza. Siku iliyofuata hakuna aliyemjibu ukutani. Alipanda kilima cha shule, akapiga. Namba haipatikani. Akateremka, akapanda tena. Thierry alikuwa amefika na Fuso kuchukua mchele, akamwambia, "Ndugu yangu, nakwenda kupakia kahawa, halafu nazunguka nyumbani kwa njia ya mbali. Twende, Butembo haikosi wasichana wala viazi." Archange akasema atafikiri. Alipanda kilima mara nyingine, na simu ikalia mkononi mwake kabla hajapiga.

"Sikiliza na usiseme kitu," Généreuse alisema kutoka upande wa pili wa kilima. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Neno hili nikilisema sitalirudia."

"Sema, mupenzi."

"Nimekuambia usiseme kitu! Madirisha ya hema iko wazi, sikukudanganya. Lakini juu yake kuna nguo."

"Nguo gani?"

"Nguo."

"Koti? Blanketi?"

"Archange! Nguo za mama. Za ndani. Unataka nikuambie na rangi?"

Archange alikaa chini kwenye majani.

"Tangu lini?"

"Tangu kasiksi. Aanike wapi? Kamba iko kwenye uwanja, na weye uko kwenye uwanja jua likitoka mpaka likizama, umekaa kama askari wa kizuizi. Mama mukwe ataanika vile vitu mbele ya mukwe? Afe kwanza. Akaona ule upepo wa hema unakausha muzuri. Na miye nitakuambia kwa mudomo gani? Yeye ni mama yangu, weye ni bwana yangu. Nimeona afadhali useme niko muvivu."

Archange alitaka kucheka, akaona anakaribia kulia. Sasa aliona yote kama vile yuko ndani. Hema limezibwa pua na mdomo, kafeni kanazungusha mvuke ule ule, nguo mbichi zinaongeza maji kwenye hewa iliyojaa maji. Majani hayakuweza kutoa jasho, mizizi haikuweza kuvuta. Na yeye, fundi, kila siku anapiga kelele ukutani: ongeza maji, ongeza maji. Kapimo hakakufa. Kalikuwa kitu pekee pale kilichosema kweli bila haya.

"Ni miye nimeviua," alisema.

"Nguo nimeziondoa leo. Lakini majani bado inaanguka, na chini maji inanuka kama mihogo iliyolowekwa."

"Mizizi imeoza. Inabidi kukata ile ya kahawia kwa wembe na kuacha ile nyeupe, moja moja. Hiyo siwezi kukuambia kwa mudomo. Généreuse, lazima niingie."

*

Papa Émile alisikiliza, akachokonoa meno.

"Lete mbuzi."

"Papa, mbuzi zitatoka kwenye viazi."

"Najua."

"Kuku je? Naweza kupata kuku."

"Kuku haifungui mulango ya mama. Kijana, miye sikuchukii. Lakini haya ya mama mukwe siyo yangu niitoe. Ukiivunja, utaingia ule mulango, na kwa bibi hautaingia milele."

Archange alirudi kwenye kigoda chake. Généreuse alikuwa ndani na wembe, akijaribu peke yake, na kila mara alisikika akivuta pumzi kama mtu aliyejikata.

Ndipo Mama Léontine alipotoka. Alitoka kinyumenyume, kitenge usoni, akivuta mguu wa kitanda. Généreuse akashika upande wa pili bila kuelewa. Wakakitoa kitanda, godoro, mto, sanduku la nguo, msalaba uliokuwa ukutani. Mama Léontine alivipeleka vyote jikoni, kwenye kibanda cha nyuma chenye moshi na kuku, akiwa na kifua kile. Halafu akasimama mbele ya kinu kilichokuwa uwanjani, mgongo ameugeuzia Archange, akasema na kinu:

"Weye kinu, sikia. Kile chumba siyo cha kulala tena. Hakuna kitanda ya muntu mule. Ni shamba. Na kwenye shamba, mukwe anaingia kulima."

Papa Émile, kwenye mlango wake, alitikisa kichwa muda mrefu. Hakukuta kosa.

Archange aliingia. Harufu ilimpiga usoni. Matone yalikuwa yananing'inia ndani ya hema kama jasho. Alifunua mfuniko wa kwanza: maji yamefika juu kabisa, mizizi ni uji wa kahawia. Wa pili vilevile. Alikuwa anatupa nje mche baada ya mche, na Généreuse anapokea. Kwenye beseni la mwisho, lililokuwa karibu na mwanya wa ukuta, mizizi michache ilikuwa bado nyeupe.

"Hii," alisema. "Ona hii."

Alikata iliyooza, akaosha iliyobaki, akaweka maji mapya, nusu ya beseni tu, ili mizizi ipate nafasi ya hewa. Akafungua madirisha. Kapimo kakaanza kushuka polepole.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi? Kuniita muuaji, ao kuzamisha wajukuu wa mama?"

"Yote."

"Yote ni mingi. Nisamehe kwanza weye, ju nilinyamaza."

"Ungesemaje?"

"Njo hiyo. Ningesemaje." Akaweka paji la uso begani kwake, mikono yake mibichi akiiweka mbali asimchafue shati. "Shati nzuri hii, utaiua pia."

Miche ile michache ilisimama. Chini ya mfuniko, gizani, viazi vikatokea, vingine kama harage, vikubwa kama yai la njiwa. Vilipovunwa vilijaza bakuli moja la kulia. Papa Émile aliingiza vidole, akavigeuza.

"Hii ni mbegu, ao ni karanga?"

Archange aliinamisha kichwa. Kutoka nyuma ya kibanda Mama Léontine alikohoa, halafu akasema na kinu: "Kinu, mwambie kaka yangu, hivi ni mahari ya mutoto wangu. Miye nimepokea. Mbuzi ya haya itakuja siku yake."

*

Padri alikuwa bado hajatangaza ndoa yao kanisani vita vilipofika. Vilitoka upande wa Kalembe, kwa barabara ile ile ya kutoka Kitshanga, na watu wa Pinga wakaanza kupita mbele ya nyumba na magodoro yao. Mama Léontine alikuwa hawezi tena kutembea haraka. Ilibidi aende na wanawake, polepole, njia ya msituni kuelekea Walikale-centre. Généreuse alikuwa amemfungia mzigo, na bakuli la viazi ndani ya kitambaa katikati ya nguo.

"Nakwenda nanyi," Archange alisema.

Papa Émile alimkamata mkono. "Kwenye daraja wenye bunduki wanachagua vijana. Weye hapa haujulikani, na lugha yako inasikika kwa mbali. Watakubebesha masanduku ya risasi mpaka uanguke. Wafanyabiashara wa kwenu wanatoka sasa hivi kwa njia ya porini kuelekea Lubero. Wafuate."

"Siwezi kumuacha."

"Archange," Généreuse alisema. Alikuwa amevaa ile libaya ya manjano, imepauka mabegani. "Ukienda nasi watakuchukua mbele ya macho yangu, na miye nitafanya nini? Nitashika mama ao nitashika weye? Usinipe hiyo kazi. Nataka bwana, sitaki kaburi ya kupalilia."

"Nitakuja Walikale."

"Njoo."

"Nitapitia hata Kisangani."

"Pitia hata mwezini. Nenda kwanza."

Alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia kama anayetaka kumkariri. Mama Léontine alisimama mbele kidogo, mgongo umegeuka, kitenge kichwani, akiwangoja bila kutazama. Halafu watu walikuwa wengi, na libaya ya manjano ikawa moja kati ya nguo nyingi.

*

Thierry alipoteza Fuso yake, ilichomwa barabarani. Sasa anaendesha gari la mtu mwingine upande wa Kasindi. Papa Émile alibaki kulinda nyumba. Mabati yaling'olewa, yeye mwenyewe yuko hai, anaishi kwenye shamba ndani ya msitu na huja mjini kwa nadra. Hema lilikutwa na wenye bunduki. Taa na betri walichukua, kitambaa wakakikata makoti ya mvua.

Mama Léontine alipanda viazi vyote nyuma ya kanisa, Walikale-centre. Joto la kule si la viazi. Majani yalifika magotini, na alipochimba hakukuta kitu chini. Alifariki mvua zilizofuata, kwa kifua kile. Katika ugonjwa wake Archange alipiga simu amsalimie. Mama alikataa kuishika, akasema mkwe hasemeshwi. Mwalimu mmoja wa pale, Floribert, aliwahi kuja na nia ya kumuomba Généreuse. Mama Léontine alimpa mkono, akamkaribisha mkekani, akala naye sombe kwenye sahani moja, wakapiga soga. Floribert alikuwa mtu wa kule, akaelewa kwamba hahesabiwi mkwe. Akaoa kwingine.

Généreuse anauza mawese sokoni Walikale. Hajaolewa. Archange yuko Butembo, kwenye duka la binamu yake, anauza dawa za mimea. Hajaoa. Barabara ya Masisi imefungwa. Ile ya Kisangani alijaribu mara moja, akarudishwa. Jumapili, mtandao ukiwepo, wanapigiana simu.